Boga na Uenyeji Wake: Habari za Mbegu Katika Milima ya Uluguru

Neno "kienyeji" limepata bahati mbaya katika Kiswahili cha siku hizi. Asili yake ni mwenyeji, na asili ya mwenyeji ni mwenye mji, yaani mtu aliye na haki ya kumkaribisha mgeni na kumwonyesha mahali pa kulala. Lakini tukisema dawa ya kienyeji, pombe ya kienyeji au njia ya kienyeji, mara nyingi twadokeza kwamba kitu hicho ni duni, au kwamba hakijafikiwa na elimu. Kuku peke yake ndiye aliyeokoka: kuku wa kienyeji ana bei kuliko kuku wa kisasa, wala hapana mlaji anayeona haya kumtaja. Mbegu haikuokoka. "Mbegu ya kienyeji" katika hotuba na maandishi mengi ya kilimo ni ile ambayo mkulima anashauriwa kuiacha.

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za mbegu moja, nayo ni ya boga, nikiitazama zaidi katika milima ya Uluguru na mji wa Morogoro ulio chini yake. Nimeichagua kwa sababu boga ni mgeni. Halikuanzia Afrika hata kidogo. Walakini leo hakuna Mluguru wala Mswahili anayelihesabu kuwa mmea wa ng'ambo. Basi liliupataje uenyeji wake? Jibu nitakalojaribu kulitetea ni kwamba uenyeji wa mmea hautokani na mahali ulipoanzia, bali watokana na mikono inayoiweka mbegu yake mwaka hata mwaka.

Tuanze na jina. Boga ni neno la Kibantu, na shina lake ni lile lile la mboga. Uhusiano wa maneno hayo mawili ni wa ngeli: shina moja, likiwa katika ngeli ya 9 latupa kitoweo cha majani, na likiwa katika ngeli za 5 na 6 latupa tunda kubwa, boga na maboga. Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 alilikuta neno hili limekwisha kukaa mahali pake, likiwa na maana ile ile tuliyo nayo. Kando yake aliliandika mumunye, ambalo wengine hulitamka mung'unye. Haya ni matunda ya jamaa moja, lakini historia zake zimepishana njia baharini.

Wataalamu wa mimea huiita jamaa ya maboga Cucurbita. Aina zake zinazolimwa zilifugwa na watu wa bara la Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, huko Oaxaca nchini Meksiko, zimepatikana mbegu za boga lililolimwa miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Mumunye, na kibuyu ambacho ni ndugu yake mwenye ganda gumu, ni Lagenaria siceraria, na asili yake ni Afrika. Jambo la ajabu ni kwamba kibuyu kilifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya jahazi lolote la Ulaya. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 uliunga mkono maoni ya kwamba vibuyu vilichukuliwa na mikondo ya bahari ya Atlantiki kutoka Afrika, vikielea, na mbegu zikiwa hai ndani yake. Kibuyu basi kilikwenda chenyewe, na boga likaletwa kwa merikebu baada ya mwaka 1492.

Ikiwa kitu ni kipya na jina ni la kale, yaonekana jina lilihamishwa. Ndivyo ilivyotukia mahali pengi katika nchi za Wabantu. Wazulu huliita boga ithanga, Washona nhanga. Shina hilo ni la zamani mno kuweza kuwa liliundwa kwa ajili ya tunda la Amerika, na kwa hiyo hapana budi kwamba kwanza lilitaja mmea mwingine wa jamii ya matikiti na vibuyu. Waswahili wana tango, ambalo kwa umbo lakaribiana na shina hilo, lakini kwao lataja tunda jingine kabisa. Wachewa wa Malawi wamefanya jambo linalostahili kuangaliwa zaidi: tunda wameliita dzungu, kwa wingi maungu, na nthanga wameiacha iwe jina la mbegu yake. Yaani kwao mbegu ya boga ina jina lake peke yake, tofauti na mbeu, ambayo ni mbegu yoyote ya kupanda na ni ndugu wa mbegu ya Kiswahili. Sisi hatuna tofauti hiyo. Twasema "mbegu za maboga" kwa zile zilizomo kibuyuni zikingojea mvua, na vile vile kwa zile zilizokwisha kukaangwa na chumvi na kutiwa katika vifuko vya kuuzwa barabarani Dar es Salaam, ambazo za mbegu zimebakiwa na jina tu. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa hapo ndipo penye taabu ya mwenye kuhifadhi.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na mimea ya Amerika ikafuata katika karne zilizofuata. Safari ya kutoka pwani hadi bara haikuhitaji msafara. Punje ishirini za boga hukaa katika pindo la nguo, hazivundi njiani, na zatosha kuanzisha shamba. Chini ya milima, upande wa kusini, palikuwa na Zungomero, kituo ambako misafara ilipumzika na kununua chakula. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Watu waliokaa milimani walikuwa jirani wa njia hiyo bila ya kuwa juu yake. Jina lao lenyewe laeleza makao yao, kwa maana lugulu ni mlima, na shina gulu ni lile lile lililotupa sisi neno juu baada ya sauti zake za kati kupotea.

Uluguru si mlima mmoja. Mji wa Morogoro uko kadiri ya mita 500 juu ya bahari, na kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600. Miteremko ya mashariki, kuanzia Kinole hata Matombo, hupokea pepo za bahari na mvua nyingi. Upande wa Mgeta, ulio magharibi, mvua ni chache na baridi ni kali zaidi. Mmea unaotaka kukaa katika nchi ya namna hii haufai kuwa wa tabia moja. Maboga hupandwa katikati ya mahindi, na mashina yake hutambaa yakaifunika ardhi kati ya mistari, jambo lenye faida kubwa penye mteremko, maana tone la mvua huangukia jani kabla ya kuufikia udongo. Majani machanga, ambayo sehemu nyingine huitwa msusa, huchumwa majuma machache baada ya kupanda, mahindi yakiwa bado hayajatoa hata mbelewele. Kisha huja ua, kisha tunda, kisha mbegu. Methali husema, "Ukipenda boga, penda na ua lake," na mkulima wa mlimani hana haja ya kuelezwa maana, kwa sababu hakuna sehemu asiyoila.

Kuna methali nyingine ambayo kwa maoni yangu haijaangaliwa vya kutosha: "Mumunye huharibikia ukubwani." Kwa kawaida huelezwa kuwa yahusu mtoto aliyelelewa vema akapotoka alipokuwa mtu mzima. Maana hiyo ni sahihi. Lakini methali yenyewe yasemwa na mlaji. Mumunye changa huliwa laini, na likikomaa huwa gumu, chungu, halifai jikoni. Mwenye kuhifadhi mbegu angeweza kuipindua methali hiyo, kwani kwake tunda huanza kufaa pale pale linapomharibikia mpishi. Boga ni la huruma kidogo kuliko mumunye, kwa kuwa hata likikomaa nyama yake huliwa; walakini sheria ni moja. Boga la mbegu huachwa shambani hata kikonyo kikauke na ganda likatae ukucha. Kisha huwekwa ndani majuma kadhaa bila kukatwa, kwa sababu mbegu huendelea kujaa ndani ya tunda ijapokuwa limekwisha kukatwa shinani. Mwenye haraka hupata mbegu nyepesi.

Likipasuliwa, mbegu hutolewa pamoja na nyuzinyuzi zake, zikaoshwa, zikatandazwa juu ya ungo au mkeka kivulini penye upepo. Jua kali la mchana huzipasua ganda. Zikikauka hupepetwa, mapepe yakatoka, na zile zilizobaki huvunjwa moja mbili kwa vidole: ikikatika kwa sauti, imekauka, ikipinda, bado. Hapo ndipo huchanganywa na majivu makavu yaliyochungwa, zikatiwa kibuyuni, na mdomo ukazibwa kwa gunzi la hindi. Angalia mzunguko wa jambo hili: mmea wa Kiafrika uliokwenda Amerika kwa maji umekuwa ghala ya mmea wa Kiamerika uliokuja Afrika kwa merikebu.

Kibuyu hutundikwa au huwekwa uchagani, juu ya meko. Wapo walioisoma kazi hii kuwa mazoea tu, au kuwa imani ya moshi. Kwa hakika ina hesabu ndani yake. James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa Marekani, aliweka kanuni ambayo hata leo hufundishwa vyuoni: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka karibu mara 2, na joto la mahali likipungua kwa digrii 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Juu ya meko joto ni jingi, na hilo ni hasara. Lakini katika milima ambako ukungu huingia ndani ya nyumba, adui mkubwa ni unyevu, na meko huuondoa kila siku bila gharama. Majivu nayo hunyonya unyevu uliosalia na kuwazuia wadudu. Mbegu ya boga iliyokaushwa sawasawa huishi miaka minne au zaidi. Adui asiyezuiliwa na majivu wala moshi ni panya, naye hula kiini akaacha maganda yamepangwa kama alivyoyakuta.

Tena yuko adui mwingine, ambaye si adui. Kiini cha mbegu ya boga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kadiri ya theluthi moja ni protini. Hukaangwa katika kikaango, au hutwangwa kinuni na kuungiwa mboga penye upungufu wa karanga. Miezi ya kupanda ndiyo miezi ambayo chakula cha mwaka uliopita kimekwisha, na kibuyu kiko juu ya kichwa cha mpishi, naye ajua kilichomo. Mtafiti aliyezoea kusoma habari za mbegu kama habari za ufundi asisahau kwamba kila kibuyu kilichofika msimu wa mvua kikiwa kimejaa ni watu waliokula kidogo. Wachewa, kwa kuwa na nthanga mbali na mbeu, wanaweza kulitenga jambo hili kwa neno. Sisi hulitenga kwa kutundika juu.

Kazi ya kuchagua mbegu za mboga na maboga imekuwa kwa desturi ya wanawake, na kwa Waluguru jambo hili lina uzito wake. Ukoo wao, lukolo, hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi ya zamani ilikuwa mali ya ukoo, ikigawiwa chini ya mkuu wake. Mbegu haikuwa na mkuu. Iliombwa kwa jirani, ikatolewa kwa kiganja, na aliyeomba mwaka huu aliombwa mwaka ujao. Hapakuwa na kipimo wala bei, na kwa sababu hiyo haikuacha maandishi. Mwanahistoria akienda maktaba atapata habari za kahawa, za kodi na za misitu. Za mbegu ya boga hatapata karibu kitu.

Ardhi iliacha maandishi mengi. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ikikusudia kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kusudi lilikuwa na sababu, kwa maana mto Ruvu hupata maji yake huko na udongo ulikuwa ukichukuliwa. Lakini kuchimba ngazi katika mteremko mkali kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na wakulima wakaona kazi imeongezeka na mavuno yamepungua. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakatumia nguvu, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa mwaka ule ule. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu juu ya habari hizo mwaka 1960. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja ya lugha. Kilichokuwako shambani, yaani mahindi na maboga yaliyofunika udongo pamoja, kilihesabiwa kuwa ni ukosefu wa kilimo, kwa kuwa maofisa hawakuwa na neno la kukiita.

Baada ya Uhuru neno lilipatikana, nalo ni "mbegu bora." Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya viwango vya mbegu, na mwaka huo huo kampuni ya serikali ya mbegu, TANSEED, ikaanzishwa. Sheria ya sasa, Na. 18, ni ya mwaka 2003. Chini yake ikawekwa Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, na mwaka 2006 ukaundwa Wakala wa Mbegu za Kilimo. Makao makuu ya taasisi hizo mbili yaliwekwa Morogoro, mji ambao tangu 1984 ndipo palipo na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hivyo siku ya anga safi, mtu aliyeketi katika ofisi za mbegu za nchi nzima anaweza kuinua macho akaiona miteremko ambako mbegu huwekwa kibuyuni.

Sisemi kwamba uthibitisho hauna kazi. Mkulima anunuaye mahindi ya mbegu kwa muuzaji asiyemjua, katika mfuko asioweza kuufungua kabla ya kulipa, ahitaji mtu wa tatu wa kumhakikishia, na mbegu bandia zimewatia wengi katika njaa. Neno bora hapo lina maana: lataja mfuko uliopimwa. Kosa huingia pale neno hilo linapopita mfuko na kuhukumu kila mbegu isiyo na mfuko. Mbegu ya boga hutoka kwa mtu anayejulikana kwenda kwa mtu anayejulikana; akidanganya, atakutana na aliyemdanganya kisimani.

Zaidi ya hayo, boga kwa maumbile yake halikubali kipimo hicho. Haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, ambazo Tanzania ilizitungia sheria mwaka 2012 kabla ya kujiunga na umoja wa kimataifa wa UPOV mwaka 2015, zadai kwamba aina iwe tofauti na nyingine, mimea yake ilingane, nayo isibadilike kizazi hata kizazi. Sasa ua la boga la kiume na la kike ni mbalimbali katika shina moja. Hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri, na nyuki ndiye apelekaye chavua, akitoka shamba la huyu kwenda la yule bila kuuliza mpaka. Maboga ya jamii moja yaliyo jirani huzaliana. Yale yenye kikonyo kigumu chenye pembe tano kilichotanuka kinaposhika tunda, ambayo ni Cucurbita moschata, na yale yenye kikonyo cha mviringo laini kama kizibo, ambayo ni Cucurbita maxima, hayachanganyiki kwa urahisi. Lakini ndani ya kila jamii mchanganyiko hauna mwisho. Basi boga la mlimani halilingani na mwenzake, na katika nchi inayopanda zaidi ya mita 2,000 kwa mwendo wa siku moja, kutolingana ndiko kunakoliwezesha kuota kila mahali.

Serikali iliona ugumu huu kwa kiasi fulani, ikakubali daraja la katikati, ambalo mkulima aliyeandikishwa huzalisha mwenyewe kwa ukaguzi mwepesi. Jina lake ni "mbegu za kuazimiwa ubora." Waliolitunga walikusudia azimia, lenye maana ya kukata shauri au kutangaza nia. Kwa bahati mbaya, au pengine njema, kuazimiwa ni kauli ya kutendewa ya azima pia, na mkulima asikiapo jina hilo huelewa kwamba ni mbegu ya kuazima, ya kurudisha baada ya mavuno. Sijui kosa la istilahi lililokaribia ukweli kiasi hicho. Huko Kenya jambo lilifika mahakamani: wakulima wadogo walifungua kesi mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyofanya kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa la jinai vilikwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo kile kiganja kisichoacha maandishi sasa kinayo, katika hukumu.

Arusha kuna hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea iliyoanzishwa mwaka 1991, ambako mbegu huwekwa katika baridi. Ni kazi njema, na kwa kanuni ya Harrington baridi ni bora kuliko meko. Lakini mbegu iliyolala katika baridi haikutani na nyuki, wala haijui kwamba mvua za vuli zimechelewa. Hubaki jinsi ilivyokuwa siku iliyochukuliwa.

Katika makala haya nimeyafuata maneno ya Kiswahili, ambayo ndiyo ya soko la Morogoro. Majina ya Kiluguru ya aina moja moja ya maboga yastahili orodha yake yenyewe, nayo inataka mtu wa kupanda kijiji kwa kijiji, Kinole mbali na Mgeta, na kuwauliza wanawake wazee mbele ya kibuyu kilichofunguliwa, kwa kuwa jina la mbegu husahauliwa upesi mbegu yenyewe isipokuwapo. Aulize pia mbegu ilitoka kwa nani, na kwa muda gani imewekwa. Fomu wanazotumia wakusanyaji wa mbegu zina nafasi ya kuandika jina la wenyeji, chini ya jina la Kilatini. Mara nyingi nafasi hiyo hurudi tupu.